Umeshapiga Linux Mint? Usianze na wolpepa

Tangu Windows 10 iache kupewa apdeti tarehe 14 Oktoba 2025 watu wananiletea laptopu za mtumba, "kaka nipigie Windows 11", nafungua naangalia prosesa naona Intel kizazi cha nne. Windows 11 inataka kuanzia kizazi cha nane, pamoja na chipu ya usalama iitwayo TPM 2.0. Kuilazimisha inawezekana ila mi sipendi, leo inakubali kesho apdeti inagoma unarudi kwangu unalia. Mwenyewe natumia ThinkPad T440, RAM GB 8, nimeichomeka SSD nikapiga Linux Mint 22, mfumo wa bure unaokaa badala ya Windows, ile yenye muonekano wa Cinnamon, na inateleza tu. Kama yako ina RAM GB 2 au 4 chukua ya Xfce, muonekano mwepesi zaidi, sio nzuri sana kwa macho lakini haikubanii pumzi.

Kupiga yenyewe sitakaa sana hapo. Faili la ISO, ndio Mint yenyewe unayoishusha, ni karibu GB 3 kwahiyo subiri bando la usiku, litie kwenye flashi ya GB 8 kwa programu ya Rufus au balenaEtcher, washa mashine huku unabonyeza F12 (Dell na Lenovo nyingi) au F9 kwa HP, uchague ianzie kwenye flashi. Ukifika Mint inafunguka kutoka kwenye flashi bila kugusa diski yako, cheza nayo kwanza, jaribu waifai, sauti, kamera. Ukianza kuiweka, ikikuuliza kuhusu kodeki za media (vitu vya kuchezea video na muziki) weka tiki, usipoweka kuna video zitakuja kukugomea baadae.

Ila kuna sehemu moja naomba usome mara mbili. "Erase disk and install Linux Mint" maana yake inafuta KILA KITU kwenye diski, sio Windows peke yake. Mimi nilibonyeza hiyo saa saba usiku nikijua picha za harusi ya dada ziko D, na D ni diski nyingine. D ilikuwa ni kipande tu cha diski ileile. Mpaka leo dada akinitajia picha nabadilisha mada. Hamisha vitu vyako kwanza kwenye diski ya nje, na kama betri ya laptopu imekufa hakikisha siku hiyo umeme wa mtaa wenu umetulia.

Haya, umeingia, desktopu hii hapa, mkono unawasha kubadilisha wolpepa. Tulia kwanza. Saa ya kwanza ni ya kubana bando na kujiwekea njia ya kurudi nyuma.

Fungua Update Manager, nenda Edit halafu Software Sources. Utaona mistari miwili, Main na Base, kila mmoja unaonyesha seva unayovuta apdeti kutoka kwake. Bonyeza mmoja usubiri kidogo, zinakuja seva za nchi mbalimbali zikiwa na bendera na spidi pembeni, chagua yenye spidi kubwa usiangalie bendera. Rudia kwa mstari wa pili. Ni dakika mbili tu ila watu wengi wanaruka, halafu wanalalamika apdeti inatambaa kama konokono. Ukimaliza ndio uvute apdeti zote, na kwakuwa za mara ya kwanza huwa nzito, kama kuna waifai ya ofisini au chuoni itumie hiyo.

Halafu Timeshift, hiyo ndio njia ya kurudi nyuma, ipo tayari kwenye Mint huhitaji kuishusha. Chagua RSYNC, kwenye Daily, yaani za kila siku, mwambie atunze mbili tu zinatosha, diski isijae. Hii inapiga picha ya mfumo wako, siku ukiharibu kitu unarudisha ulivyokuwa jana. Ila elewa vizuri, kwa kawaida haigusi faili zako binafsi, ripoti na picha zako bado ni juu yako kuzikopi pengine.

Waifai haionekani kabisa? Laptopu nyingi za zamani zina kadi ya waifai ya kampuni ya Broadcom, ya mdogo wangu HP ilikuwa hivyo, akasema Linux mbovu. Chomeka simu kwa waya wa USB, washa USB tethering kwenye simu, hapo mashine inapata intaneti bila waifai, fungua Driver Manager itakuonyesha draiva ya Broadcom, weka, restati, kazi imeisha.

Sasa kwenye kuweka programu ndio bando linapoliwa kimyakimya. Software Manager ukitafuta tuseme VLC unaweza kuona sehemu ya kuchagua kati ya System Package (inayotumia vitu vilivyomo tayari kwenye Mint) na Flatpak (inayojitegemea). Flatpak ya kwanza kuiweka inakuja na mizigo yake, inaweza kuvuta mamia ya MB kwa programu ambayo yenyewe ni ndogo tu. Kama System Package ipo chukua hiyo. Flatpak baki nayo kwa vitu ambavyo kwenye System Package havipo au unataka toleo jipya zaidi.

Kwa wanachuo, LibreOffice, programu za kuandikia kama Word, imo humo ndani lakini isitumike kavu. Nenda View, User Interface, chagua Tabbed, itafanana na Word uliyoizoea. Halafu Tools, Options, Load/Save, General, weka isevu kwa mfumo wa Word, maana ukimtumia msimamizi wako faili la odt, la LibreOffice yenyewe, atakuuliza hii ni nini. Na fonti, Times New Roman haiji na Mint, fungua terminali kwa Ctrl+Alt+T uandike

sudo apt install ttf-mscorefonts-installer

Ukiandika paswedi herufi hazionekani, sio kwamba kibodi imekufa, andika tu ubonyeze Enter. Katikati inatokea skrini yenye masharti ya leseni, mausi haifanyi kazi pale, watu wanakaa wanabofya bofya mpaka wanazima mashine. Bonyeza Tab mpaka OK iwake halafu Enter. Calibri haimo kwenye hizo, weka fonts-crosextra-carlito kwa njia hiyohiyo, vipimo vyake vinalingana na Calibri kwahiyo kurasa hazirukiruki.

Kama umeacha Windows pembeni ya Mint utakutana na hii: umetoka Mint saa nne asubuhi, unaingia Windows inakwambia saa moja. Betri ya CMOS, ile ndogo inayotunza saa ya mashine, haijafa. Mint inaandika saa ya UTC, saa ya kimataifa, kwenye mashine, Windows inasoma ileile ikidhani ni saa ya hapa, na sisi tuko masaa matatu mbele ya UTC. Rudi Mint uandike

timedatectl set-local-rtc 1

Itakupa onyo refu kidogo, lipuuze.

Haya sasa, pamba. Fungua System Settings, humo kuna Themes kwa rangi, bofya kulia kwenye paneli ya chini upate Applets (viprogramu vidogo vya kuweka kwenye paneli), na mashine ikiwa nzito ingia Effects uzime zote, windo zitafunguka bila mbwembwe lakini utaona tofauti. Tachipedi ikikuzingua angalia Mouse and Touchpad, "tap to click" na upande wa kuskroli viko humo.

Kwenye laptopu ya mama niliingia Font Selection nikakuza maandishi mpaka 1.3 maana miwani yake huwa haijulikani iko wapi. Halafu nikafungua Web Apps, ambayo inageuza tovuti yoyote kuwa kama programu yenye ikoni yake, nikaandika jina WhatsApp, anwani web.whatsapp.com, nikachagua ikoni ya kijani. Nikaskani ile kodi ya QR mara moja kwa simu yake nikamwekea ikoni kwenye paneli, na yeye mpaka leo anajua ni programu kamili. Sijamwambia.