Jinsi ya kuomba vibali vya jengo la chuma kutoka nje, Nakuru

Kama una ploti Nakuru na unataka kubomoa duka kuukuu usimamishe jengo la fremu za chuma zinazotengenezwa ng'ambo, usianze na kiwanda. Anza na mhandisi. Wengi hutuma malipo ya kwanza China kisha ndipo watafute kibali, na pesa huzama hapo.

Tafuta msanifu majengo aliyesajiliwa na mhandisi wa miundo mwenye leseni ya Bodi ya Wahandisi. Michoro ya kiwanda haitoshi: mhandisi wa hapa aipitie, apige hesabu upya, aweke muhuri wake. Udongo nao upimwe. Tuko ndani ya Bonde la Ufa. Udongo wa majivu ya volkano huwa mlegevu, na kuna sehemu ambapo ardhi hupasuka mvua kubwa ikinyesha.

Kisha peleka maombi kaunti pamoja na hati miliki, PIN ya KRA (mamlaka ya ushuru), risiti za kodi ya ardhi na ramani zote. Kubomoa kuna kibali chake. Paa likiwa la asbesto, fundi wako asiliguse. Liondolewe na wenye leseni ya NEMA, mamlaka ya mazingira. Baada ya kaunti, pata idhini ya NEMA kwa mradi, halafu mradi usajiliwe NCA, mamlaka ya ujenzi, ukiwa na mkandarasi mwenye leseni.

Sasa agiza. Wakala wa forodha afungue IDF, fomu ya kutangaza bidhaa unazoagiza, mtandaoni, na mzigo ukaguliwe huko huko unakotoka, chini ya mpango wa KEBS, shirika la viwango, upate cheti cha ubora kabla ya kupakiwa melini. Bila cheti hicho kontena hukwama Mombasa, na ada za kuhifadhi huhesabiwa kila siku. Dai pia cheti cha kiwanda kilichoyeyusha chuma. Namba yake ilingane na iliyogongwa kwenye chuma chenyewe.

Niliwahi kuona nguzo zikishushwa, mashimo ya bamba la chini yakapishana na bolti za msingi kwa upana wa kidole. Msingi ulifuata ramani ya zamani, kiwanda kikafuata mpya. Fundi akaanza kuyapanua kwa moto wa gesi. Mkaguzi akasimamisha kazi, na alifanya vyema. Usimwage zege kabla kiwanda hakijathibitisha kwa maandishi nafasi ya kila bolti.

Jengo likikamilika, omba kaunti cheti cha kuruhusu watu kuingia. Usimpe mpangaji ufunguo kabla hujakipata.