Kabla hujatoka Dodoma na gari la dizeli

Anza na betri, usiku wa kuamkia safari. Gari likiwa limepumzika, betri iliyojaa inasoma karibu volti 12.6 kwenye mita. Washa injini, pima tena: isipofika 13.5 hivi, alteneta haichaji sawasawa. Terminali zenye ungaunga mweupe zisugue, zikaze. Waya wa hasi unaoshika bodi na injini ufuate kwa mkono mpaka mwisho, maana ukilegea pale, betri mpya nayo itaonekana mbovu.

Fyuzi ikiungua, tafuta kilichoiunguza. Usiweke kipande cha waya, wala usiweke fyuzi kubwa zaidi. Gari likishika moto kati ya Manyoni na Itigi hakuna wa kukuzimia. Kama limelala wiki nzima, fungua boneti uangalie nyaya: panya wa huku wanatafuna kila kitu.

Mvujo wa nje hausumbui kuutafuta. Vumbi letu linakusaidia, kwa sababu penye dizeli linaganda na kuwa tope jeusi. Safisha hapo, kausha, nyunyiza poda ya mtoto, washa injini kidogo kisha uzime. Poda itakapolowa ndipo panapovuja.

Sasa la hewa kuingia kwenye mafuta. Hili lisome polepole.

Mwaka juzi, mwezi wa saba, Hilux yangu ya zamani ilianza kusumbua asubuhi. Selfu, ile mota ya kuwashia, inazunguka vizuri ila injini haishiki mpaka nipige mara nne, tano. Ikishashika, kutwa nzima haina neno. Fundi wa kwanza akasema betri, nikanunua. Wa pili akasema hita plagi, zile za kupasha injini joto kabla ya kuwaka, nikabadilisha zote nne. Halafu nikauzoea ugonjwa. Chini ya gari palikuwa pakavu, hata tone hakuna, kwa hiyo mafuta sikuyafikiria kabisa.

Nikaenda kulala Haneti kwa mama mdogo ili alfajiri nimlete hospitali mjini, presha ilikuwa imempanda. Niliegesha kwenye mwinuko, pua juu. Saa kumi na moja, upepo unakata masikio, mama mdogo ameshakaa mbele kajifunika blanketi, nikapiga selfu. Nikapiga tena na tena mpaka pakanuka waya ulioungua, ikalia "ta" mara moja, kimya. Tulipata usafiri karibu saa tatu. Muda wote huo alikaa ameshika kichwa kwa mikono miwili, hakunilaumu hata neno moja. Alitibiwa na yupo salama, lakini zile saa nne bado zinaniuma.

Niliporudi kulichukua gari, mzee mmoja fundi wa pale aliniuliza swali moja tu: "Kijana, ulipokuwa unapiga selfu, moshi ulitoka?"

"Haukutoka, mzee."

"Basi mafuta hayakufika. Umeiua selfu bure."

Akachomoa mpira unaotoka kwenye filta kwenda pampu, akaweka kipande cha mpira mweupe unaoonyesha ndani. Akabonyeza pampu ya mkono iliyo juu ya filta: mwanzoni laini, haina uzito, kisha taratibu ikawa ngumu. Tukasukuma gari, likashika papo hapo. Ndani ya ule mpira mapovu yalikuwa yanapita mfululizo kama ya soda. Alipofungua ile pampu ya mkono, oringi yake, ile pete ya mpira ya kuzibia, ilikuwa imekauka, ina ufa mwembamba kama unywele. Hiyo tu ndiyo iliyokula betri, plagi nne na selfu.

Elewa inavyokuwa. Kutoka tangi hadi pampu, kwenye dizeli nyingi za zamani, mafuta yanavutwa, hayasukumwi. Penye ufa hayadondoki nje. Hewa ndiyo inayoingia, na gari likilala mafuta yanarudi tangini, hasa ukiegesha pua juu. Kwa hiyo kabla ya kununua chochote, mtu mmoja apige selfu, mwingine aangalie ekzosi. Moshi usipotoka, mafuta hayafiki: tafuta hewa kwenye oringi, klipu za mipira, koki ya kutolea maji chini ya filta, na mipira midogo inayorudisha mafuta kutoka kwenye nozeli, zile zinazopulizia mafuta ndani ya injini. Pia washa swichi usikilize "tak" ya solenoidi ya pampu, ile vali ya umeme inayofungulia mafuta, maana waya wake ukikatika dalili ni hiyohiyo. Moshi mweupe mzito ukitoka na injini haishiki, mafuta yanafika ila hayawaki, hapo ndipo uzitazame hita plagi. Na selfu usiipige zaidi ya sekunde kumi na tano mfululizo, iache ipoe.

Hayo ya kufungua mipira ni ya magari ya zamani. Kwenye injini mpya za komoni reli, zenye bomba moja la presha kubwa linalolisha nozeli zote, usilegeze bomba lolote injini ikiwaka, wala usipapase mvujo kwa kidole. Presha yake inapita bar 1,000, dizeli inatoboa ngozi. Tumia kipande cha boksi. Ikikuingia mwilini, hata kama kidonda ni kitundu tu, nenda hospitali saa hiyohiyo. Sigara iwe mbali. Bomba linalorusha mafuta kwenye ekzosi ya moto lisikusubirishe hadi Singida, simama hapohapo. Beba oringi za akiba, klipu mbili, futi moja ya mpira, tochi, maji ya kunywa. Na kama umebeba mgonjwa, egesha pua ikielekea chini.