Ukipigiwa simu kutoka Kirumba: "Niende nchi gani?"

"Shikamoo kaka. Nasikia Uingereza wanachukua wahudumu wa kulea wazee. Baba yuko tayari kuuza mashine ya mtumbwi."

Simu ya namna hii kutoka Mwanza wengi wetu tulio ughaibuni tumeshaipokea, na tunakimbilia kuzungumzia mshahara na baridi. Anza na siasa. Ndizo zinazoamua nani aingie, na nani aje na watoto wake.

Itazame Uingereza yenyewe. Ilipojitoa Umoja wa Ulaya ilikosa mikono ya kazi, na Februari 2022 ikawafungulia wahudumu hao kutoka nje. Waafrika wengi wakaenda. Kisha wingi wa wahamiaji ukageuka hoja ya kura. Kuanzia 11 Machi 2024 mhudumu mpya hakuruhusiwa kuja na mwenzi wala watoto; 22 Julai 2025 ajira mpya kutoka nje zikafungwa. Katazo la kwanza liliwekwa na chama cha Conservative, la pili na chama cha Labour, kwa hiyo usimpe mdogo wako tumaini kwamba chama kingine kitalegeza. Wakala anayechukua ada leo kwa kazi hiyo anamwibia mzee wa watu, na mashine ikishauzwa pale soko la samaki la Mwaloni, familia haina cha kuendea ziwani.

Canada nayo, watu walipolalamikia uhaba wa nyumba, Oktoba 2024 ilishusha lengo la wakazi wapya wa kudumu wa 2025 kutoka 500,000 hadi 395,000. Marekani iliiondoa Tanzania kwenye bahati nasibu ya viza Februari 2020. Rais aliyefuata, Joe Biden, akairudisha siku alipoapishwa, Januari 2021.

Kwa hiyo muulize: uchaguzi wa huko ni lini, na vyama vikubwa vinasema nini kuhusu wageni? Sheria msome wote wawili kwenye tovuti ya serikali. Kwa Uingereza, orodha ya waajiri wenye leseni ya kuleta wageni iko wazi. Jina la mwajiri lisipokuwemo, mashine isiuzwe.

Siasa za nyumbani zina uzito pia. Mtanzania mtu mzima akichukua uraia wa nchi nyingine hupoteza wa Tanzania. Jirani yake wa Kisumu anaruhusiwa kushika pasi mbili tangu katiba ya 2010. Ujerumani imekubali uraia pacha tangu Juni 2024, lakini kwa kijana wa Mwanza ruhusa hiyo haimlindii pasi yake ya Tanzania. Mweleze hilo kabla hajajaza fomu yoyote.