Somo: Kuchagua na kutumia kibanda cha sprei kinachorudisha hewa ndani

Kibanda cha sprei kinachorudisha hewa ndani kinavutia kwa sababu hakidai bomba la kutokea nje. Unakiweka kwenye fremu uliyopanga, unakiwasha, feni inavuta ukungu wa laka kupitia filta, na hewa iliyochujwa inarudi humo humo karakanani. Mwenye nyumba halalamikii ukuta kutobolewa. Nchi za baridi wanakipenda zaidi, maana hewa waliyoilipia kuipasha moto haiendi nje bure. Huku kwetu Pwani hewa ya nje ina joto la bure, kwa hiyo faida hiyo hatuna, na fundi wa Keko au Kisauni ana sababu ya kujiuliza mara mbili kabla ya kutoa hela.

Hatua ya 1: Anza na kopo la laka

Bunduki ya sprei inatoa vitu viwili. Kuna vitone, ule ukungu unaouona, na kuna mvuke wa viyeyusho usiouona. Filta ya karatasi au ya faibaglasi inakamata vitone. Mvuke unapita kama hakuna kitu, na kwenye kibanda cha aina hii unarudi puani kwako.

Tufanye hesabu. Toluini ni kiyeyusho kilichozoeleka kwenye thina ya laka ya NC, yaani laka ya nitroselulosi. Lita moja ikikauka yote inageuka takriban lita 230 za mvuke. Chumba cha mita 4 kwa 5, dari mita 3, kina mita za ujazo 60. Ukikifunga, mvuke huo unafika karibu sehemu 3,800 kwa kila milioni ya hewa. Toluini huweza kushika moto ikifika kama 11,000. Kanuni ya NFPA 33 ya Marekani, ya kuzuia moto kwenye kazi ya sprei, inataka hewa inayorudishwa isizidi robo ya kiwango cha kushika moto, yaani kama 2,750, na iwepo mashine ya kupima mvuke itakayopiga kengele na kuzima sprei ikizidi. Lita moja tu imeshavuka.

Hayo ni ya moto. Kwa mapafu na ubongo, wataalamu wa afya kazini wa Marekani, ACGIH, wanapendekeza isizidi 20 kwa wastani wa siku ya kazi. Angalieni umbali kati ya 20 na 2,750! Kengele ya moto inaweza kukaa kimya kutwa nzima huku fundi anaumwa kichwa, anapepesuka na kudhani ni njaa.

Wauzaji watakuambia kuna filta ya mkaa maalumu inayonyonya mvuke. Ni kweli inanyonya, lakini ina kikomo. Mkaa huo katika kazi hubeba kama asilimia 10 hadi 20 ya uzito wake. Kilo 10 za mkaa zinashiba kwa kilo moja au mbili za viyeyusho, kazi ya makabati machache tu. Hewa ikiwa na unyevu mwingi kama yetu, maji nayo yanachukua nafasi na mkaa unashiba mapema zaidi. Ukishashiba hauonyeshi dalili machoni.

Kwa hiyo msimamo wangu ni huu. Laka ya NC, usiipulize kwenye kibanda kinachorudisha hewa, itoe nje. Kanuni ya OSHA, idara ya usalama kazini ya Marekani, namba 1910.107, inakataza kurudisha hewa iliyotolewa kwenye kazi ya sprei. Laka ya PU (poliurethani) yenye hadina, ile dawa ya kuigandisha, usiipulize pia, tena hiyo kwa msisitizo: hadina ina kemikali ya isosaneti, ambayo inaleta pumu ya kazini, na ukishaipata hata kiasi kidogo mno kinaweza kukubana kifua. Kibanda hiki kinafaa kwa laka na vanishi za maji. Kama hupulizi za maji na huna mpango huo, tumia pesa yako kwenye feni, bomba na filta za kuingizia hewa safi.

Hatua ya 2: Pima mdomo wa kibanda

Upepo kwenye mdomo uwe kama mita 0.5 kwa sekunde. Mdomo wa mita 2 kwa 2 ni mita 4 za mraba. Zidisha kwa 0.5, unapata mita za ujazo 2 kwa sekunde, au 7,200 kwa saa. Mwambie muuzaji akupe namba hiyo filta zikiwa ndani. Feni ikipimwa bila filta inatoa namba nzuri isiyo na maana. Ukikipokea, kagua mwenyewe kwa anemomita (kipima kasi ya upepo) ndogo ya mkononi, sehemu kadhaa za mdomo, pembeni na katikati.

Mota isikae kwenye njia ya hewa yenye rangi, kibanda chote kiwe na waya wa eathi, na taa ziwe nyuma ya kioo kilichozibwa. Hata kama leo unapuliza maji, kesho mtu atasafisha bunduki kwa thina humo.

Hatua ya 3: Filta na manomita

Filta ziwe hatua mbili au zaidi: ya mbele nene ya kubeba vitone vingi, ya nyuma ya kukamata vumbi laini lililokauka. Hiyo ya nyuma ndiyo inayolinda kazi yako, kwa sababu kisichokamatwa kinarudi na kutua juu ya meza uliyotoka kuipiga koti, yaani tabaka la laka, la mwisho.

Usingoje filta ionekane chafu. Funga manomita, kipimo cha tofauti ya msukumo wa hewa kati ya mbele na nyuma ya filta, andika namba filta ikiwa mpya, na badilisha ikifika kikomo cha mtengenezaji. Kama haikuja nayo, mpira mwembamba unaopitisha mwanga, wenye maji ya rangi, unatosha: ncha moja nyuma ya filta, nyingine mbele. Milimita moja ya maji ni karibu paskali 10. Ukiulaza mpira kwa mteremko mdogo, mabadiliko madogo yanasomeka vizuri.

Hatua ya 4: Unyevu

Hapa ndipo wengi wanakwama wakihamia laka za maji, na kosa wanalirushia laka. Maji yakitoka kwenye laka yanakwenda hewani, na kibanda kinarudisha hewa ile ile. Chumba chetu cha mita za ujazo 60, kwenye nyuzi joto 30, kinaweza kubeba kama kilo 1.8 za maji kabla hewa haijashiba. Dar wakati wa masika unyevu ukiwa asilimia 80, zimebaki gramu 360 tu. Lita moja ya laka ya maji, ambayo zaidi ya nusu ni maji, inashibisha chumba. Baada ya hapo feni inaweza kuzunguka hadi asubuhi, koti halikauki, linateleza na kukusanya vumbi.

Dawa ni mashine ya kunyonya unyevu, au kiyoyozi, ambacho hukausha hewa kikiwa kinaipoza. Weka kipima unyevu ukutani. Mimi sianzi koti jipya kikiwa juu ya asilimia 70. Vitu vilivyopigwa vihamie chumba kingine cha kukaushia, visibaki kumwagia maji hewa unayopulizia.

Hatua ya 5: Kupuliza

Washa feni kabla ya bunduki na uiache izunguke baada ya kumaliza. Kazi ikae kati yako na filta, juu ya meza ya kuzunguka, ili ugeuze kazi badala ya kuizunguka wewe. Kwenye ubao uliolala, anza ukingo ulio karibu nawe, ukielekea upande wa filta. Ukungu utatua mbele, mahali ambapo koti bichi linakuja kuufunika.

Bunduki ya HVLP, yaani ya hewa nyingi yenye msukumo mdogo, inapoteza laka kidogo kuliko ya kawaida, na kila tone lisilopotea ni tone lisiloziba filta. Umbali sentimita 15 hadi 20, kila mstari ufunike nusu ya uliopita. Nozeli na sindano ziwe za chuma kisichoshika kutu. Koti la kwanza la maji linasimamisha nyuzi za mbao. Msasa wa 320 kwa mkono mwepesi, futa vumbi, endelea.

Hatua ya 6: Filta zilizotumika

Zitoe nje ya karakana siku hiyo hiyo. Kama ziliwahi kushika laka ya NC, zitumbukize kwenye pipa la chuma lenye maji, kwa sababu mabaki hayo yanawaka kwa kasi ya kutisha, na yakichanganyika na mabaki ya rangi nyingine yanaweza kujiwasha yenyewe.

Maswali ya wanachama

*Shikamoo mwalimu. Niko Buguruni. Huo mkaa maalumu ni ghali, siwezi kuweka mkaa wa gunia?*

Marahaba. Hapana, kijana wangu. Mkaa maalumu mzuri hutengenezwa hata kwa vifuu vya nazi, lakini vinapitishwa kwenye mvuke wa maji wenye joto kali mno, hadi gramu moja inakuwa na vijitundu vyenye eneo la mita za mraba 500 au zaidi. Mkaa wa jikoni hauna hayo. Utakuwa umeweka kuni mbele ya feni, na vumbi jeusi juu ya mninga wa mteja.

*Asalaam aleikum. Nafanya kazi Muscat, karakana ina kiyoyozi. Bosi anataka turudishe hewa ndani kuokoa umeme, na tunapuliza PU ya hadina.*

Waaleikum salaam, ndugu yangu. Sababu ya bosi naielewa, kiyoyozi wakati wa kiangazi huko ni gharama kubwa. Lakini usikubali kwa PU. Mwonyeshe karatasi ya usalama ya hadina, sehemu ya kupumua. Mpendekezee mambo mawili: mhamie laka ya maji, au PU ipulizwe alfajiri hewa ikitolewa nje, wakati joto limeshuka. Na wewe uvae kofia ya kupelekewa hewa safi, kwa sababu isosaneti hutaisikia kwa harufu hadi umeshavuta kupita kiasi.

*Barakoa yangu ni ya filta za kahawia. Nitajuaje zimekwisha? Na ndevu zina shida?*

Rangi ya kahawia ni ya mvuke wa viyeyusho, hilo sawa. Hakikisha ina pia tabaka la kukamata vitone. Usingoje usikie harufu. Weka ratiba, andika tarehe ya kufungua, na kila ukivua ifunge kwenye mfuko usiopitisha hewa, maana inaendelea kunyonya hata ikiwa imening'inia. Ndevu zinaacha mwanya na mvuke unapita hapo. Kama hunyoi, tumia kofia ya kupelekewa hewa isiyobana usoni, na hewa yake ipite kwanza kwenye filta za mafuta na moshi kabla ya kukufikia.

*Habari mwalimu, niko Ngong Road, Nairobi. Mwezi wa saba laka ya maji inakaa saa nyingi haijakauka, na kipima unyevu kinasoma 60.*

Njema. Shida yako ni baridi ya mbao. Pima mbao yenyewe, usipime hewa peke yake. Ikiwa chini ya nyuzi 18, ilaze kwenye chumba chenye joto usiku kucha kabla ya kuipiga, na kopo la laka likae humo humo nayo.