Jina na chapa ya ofisi ndogo ya kutunza hesabu: hatua kwa hatua hadi kwenye muhuri

Mwenye duka la vifaa vya ujenzi akikupa kazi, anakukabidhi bahasha iliyotuna risiti, neno lake la siri la mfumo wa kodi, na siri ya mauzo yake ambayo hata shemeji yake haijui. Kabla hajafanya hivyo anaangalia jina lako. Akilikuta limeandikwa hivi kwenye bango, vile kwenye ankara, na kwa namna ya tatu kwenye ujumbe wa malipo, ataona kwamba wa kwanza kuhitaji kusuluhishiwa hesabu ni wewe.

Hatua zinazofuata zinamhusu mtu mmoja au wawili wanaofungua ofisi Tanzania Bara, wateja wao wakiwa maduka, famasi na mashine za kukoboa. Ili mambo yashikike, tutachukua mfano wa ofisi ya Kihonda, Morogoro.

Hatua ya 1: Cheo kwanza, jina baadaye

Uhasibu nchini unasimamiwa na Bodi ya Taifa ya Wahasibu na Wakaguzi wa Hesabu, NBAA, chini ya Sura ya 286 ya sheria. "Wahasibu", "wakaguzi wa hesabu" na "CPA" ni vyeo vya waliosajiliwa, na kila daraja la usajili lina mipaka yake. "Washauri wa kodi" ni mlango mwingine kabisa: hao husajiliwa na Mamlaka ya Mapato, TRA. Peleka vyeti vyako NBAA, uliza daraja lako linakuruhusu kutoa huduma gani kwa umma, na jibu liwe la maandishi. Maneno ya kwenye jina yatokane na jibu hilo.

Kosa linaloonekana sana ni kubandika "Auditors & Tax Consultants" kwa sababu linasikika zito. Mteja akipeleka benki taarifa ya hesabu yenye kichwa hicho, afisa mikopo ataulizia namba ya usajili ya mkaguzi. Ikikosekana, mkopo unakwama na mteja unamkosa. "Associates" nalo liache kama uko peke yako. Na "Limited" ni ya kampuni; jina la biashara haliruhusiwi kulibeba.

Hatua ya 2: Andika majina 10, kisha uyachuje bila huruma

Chukua karatasi, andika 10. Usianze na nembo, usimwite mchoraji bado. Kila jina lipitishe kwenye vichujio vifuatavyo, maana mengi hufa kwenye cha kwanza.

Cha kwanza ni simu. Mpigie mtu asiyejua lolote, mtajie jina mara moja tu, akutumie kwa SMS kama alivyolisikia. Fanya hivyo kwa watu 5. Wawili wakikosea, liache. Chukua "Urari". Kwa mtunza hesabu ni neno tamu, ndilo linaloonyesha kwamba debiti na krediti zimelingana. Lakini kwenye SMS litarudi Urali, Ulari na hata Ulali, kwa sababu r na l hubadilishana kwenye ndimi nyingi, na mwenye duka hajawahi kuliona neno lenyewe limeandikwa. Atakutafuta mtandaoni kwa "Ulali" na hatakupata. "Daftari" nalo lina r, ila kila aliyepita darasa la kwanza anajua linavyoandikwa, kwa hiyo linajisahihisha lenyewe.

Cha pili ni maana ya mtaani. Tuseme umelipenda "Daftari Safi". Waulize watu 3 wa sokoni: hii ofisi inafanya nini? Mmoja hakika atasema mnauza madaftari na kutoa fotokopi. Hilo si sababu ya kulitupa jina, ni sababu ya kuliwekea mstari wa chini usioachana nalo: "Utunzaji wa hesabu na mishahara". (Na "safi" lina mtihani wake: kuna watakaokuja wakidhani kazi yako ni kuosha vitabu vichafu kabla ya TRA kufika. Hao jina haliwezi kuwazuia; wazuie mezani.)

Cha tatu ni herufi 11. Ukituma SMS za pamoja kuwakumbusha wateja PAYE (kodi ya mishahara) na SDL (tozo ya kuendeleza ujuzi) kabla ya tarehe 7 na VAT (kodi ya ongezeko la thamani) kabla ya tarehe 20, jina la mtumaji haliwezi kuzidi herufi 11, nafasi ikihesabiwa. "Daftari Safi" lina 12 pamoja na nafasi. Likiunganishwa kuwa DAFTARISAFI linafika 11 kamili na bado linasomeka. Jina kama "Kihonda Bookkeeping Services" utalikata liwe KIHONDABOOK, na hapo wateja watauliza ni duka la vitabu lipi.

Cha nne ni kuhama. Jina la mtaa huvuta majirani haraka, lakini ukihamia Msamvu linakuwa maelekezo ya uongo. Herufi za kwanza za majina yako matatu hazina ubaya kisheria, ila hakuna anayezikumbuka siku mbili baadaye.

Baki na majina 3. Moja ni la kutumia, mawili ni ya akiba kwa sababu ya hatua inayofuata.

Hatua ya 3: Hakikisha hakuna mwenyewe

Ingia kwenye mfumo wa mtandaoni, ORS, wa BRELA, wakala wa usajili wa biashara, na utafute jina. Tafuta pia mizizi yake na maandishi yanayofanana: daftari, daftary, daftarisafi. Msajili hakatai jina lililofanana herufi kwa herufi peke yake. Hukataa pia linalokaribiana kiasi cha kupoteza watu, na lile linaloashiria kuwa ofisi ni ya Serikali. Neno "benki" usiliguse.

Watu wengi wanaishia hapo, na ndipo wanapoumia. Cheti cha jina la biashara hakikufanyi mmiliki wa alama. Alama za biashara na huduma zina daftari lake, pia BRELA kwa Bara, na huduma za utunzaji wa hesabu ziko kwenye daraja la 35. Tafuta huko pia. Ukiona jina unalotaka limesajiliwa kama alama na mtu wa huduma kama zako, nenda kwenye jina la akiba. Wewe mwenyewe ukija kusajili alama yako, ulinzi wa kwanza ni miaka 7, kisha unahuisha kila miaka 10. Kwa ofisi yenye wateja 6 jambo hilo linaweza kusubiri, kutafuta hakusubiri.

Halafu angalia kikoa (anwani ya tovuti) cha .co.tz, bila kistari katikati. Siku hiyohiyo funga majina ya kurasa za mitandao, hata kama hutazitumia mwaka huu.

Walioko Zanzibar watakwenda BPRA badala ya BRELA. Kenya njia ni eCitizen kwa jina, KIPI kwa alama na ICPAK kwa wahasibu. Vichujio vya hatua ya 2 havibadiliki.

Hatua ya 4: Sajili, na herufi zisihame

Akaunti ya ORS inafunguliwa kwa namba ya NIDA, ile ya kitambulisho cha taifa. Unajaza jina, shughuli, anwani ya ofisi na mmiliki, unalipa kwa namba ya kumbukumbu ya malipo inayotolewa na mfumo, kisha unasubiri cheti. Ada ni ndogo kuliko gharama ya bango, kwa hiyo hakuna sababu ya kuanza na bango. Kuna pia ada ya utunzaji ya kila mwaka. Iweke kwenye kalenda yako kama unavyoweka za wateja.

Amua hapa kama mstari wa chini ni sehemu ya jina au la. Ukisajili "Daftari Safi Utunzaji wa Hesabu", hilo refu ndilo litakalofuata kila mahali, benki ikiwemo, na hundi iliyoandikwa "Daftari Safi" peke yake inaweza kurudishwa. Ushauri wetu: sajili fupi, mstari wa chini ubaki wa mapambo.

Baada ya cheti, fuata mpangilio huu: TIN (namba ya mlipakodi), leseni, akaunti ya benki, lipa namba. TIN ya mtu binafsi ina jina lako. Mwambie afisa aingize na jina la biashara kwenye taarifa zako, kwa sababu linalosomeka huko ndilo litakalochapwa juu ya risiti ya EFD, mashine ya risiti za kodi. Ukiwa hapo hapo uliza kama unahesabiwa mtoa huduma za kitaalamu. Hao husajiliwa VAT bila kuangalia kiwango cha mauzo, na jibu linagusa kipeperushi chako moja kwa moja: huduma uliyotangaza 150,000 kwa mwezi inaweza kufika 177,000 kwa mteja, VAT ya asilimia 18 ikiongezwa. Chapisha bei ukishajua.

Lipa namba inastahili kuangaliwa kwa karibu. Mteja anaingiza namba, anaweka kiasi, na kabla ya kuweka namba ya siri simu inamwonyesha jina la anayelipwa. Bango limesema Daftari Safi, skrini inasema jina la binti yenu aliyesajili laini. Hapo vidole vinasimama. Anakupigia, anauliza "hii ni yenu kweli?", na kuanzia siku hiyo analipa taslimu. Peleka cheti cha BRELA na leseni kwa mtandao husika ili jina la biashara lionekane, kisha ujilipe 1,000 kutoka simu nyingine uone kinachotokea.

Hatua ya 5: Nembo ni maandishi

Kikokotoo, sarafu zilizopangwa, mshale unaopanda: kila ofisi inavyo. Jina lenyewe likiandikwa vizuri linatosha, pengine na mistari miwili chini yake, ule ambao mtunza hesabu huchora chini ya jumla ya mwisho. Wateja hawatatambua ni nini, wenzako watatambua.

Fonti ichague kwa tarakimu, usivutwe na herufi. Andika 1,111,111 na chini yake 8,888,888. Mikato isipokaa mmoja chini ya mwingine, fonti hiyo itakuvurugia kila jedwali utakalotoa. Andika pia 0 na O, 1 na l, uone kama zinatofautiana.

Rangi: nyekundu kwa kazi hii ni wino wa hasara na masahihisho, iweke pembeni. Kijani na njano pamoja zitasomeka Yanga au CCM, nyekundu na nyeupe zitasomeka Simba, na mteja wa upande wa pili hatakwambia kwa nini hakuja. Bluu iliyokoza na kijivu hazina ugomvi na mtu. Chukua namba yake ya skrini, mfano #1F3A5F, na mwambie mchapaji akupe vipimo vyake vya wino, kwa sababu bluu ya simu ikifika kwenye karatasi huelekea zambarau.

Mchoraji akikabidhi kazi, dai faili la vekta (linalokuzwa bila kupasuka), SVG au PDF, pamoja na PNG isiyo na mandhari. Akikutumia picha ya kawaida kwa WhatsApp, imeshabanwa. Itapasuka ukiikuza kwenye bango. Atume kama waraka.

Hatua ya 6: Jaribu kwenye kidogo na kwenye kikubwa

Kidogo ni muhuri. Saizi ya kawaida ya muhuri wa kujitia wino ni mm 38 kwa 14. Chapa nembo yako kwa ukubwa huo kwa printa nyeusi. Herufi zilizo chini ya mm 2 zitajaa wino na kuwa doa ndani ya wiki chache, hivyo jina, mji na simu vitaingia, anwani nzima haitaingia. Nembo yenye rangi zinazofifia hapa inakufa; ndiyo maana tumesema maandishi.

Kikubwa ni bango. Kanuni ya waandika mabango ni sentimita 2.5 za urefu wa herufi kwa kila mita 3 za umbali. Anayesoma kutoka upande wa pili wa barabara, mita 15, anahitaji herufi za sm 12 hivi. Herufi ya sm 12 ina upana wa karibu sm 8.4, na DAFTARI SAFI pamoja na nafasi ni 12, jumla sm 101. Bango la sm 120 linatosha na kubakiza pumzi pembeni. Ukilazimisha huduma 9 chini yake hakuna itakayosomeka. Weka mstari wa chini na namba ya simu. Kabla fundi hajachomelea fremu, uliza halmashauri ada ya bango na mahali linaporuhusiwa.

Kwenye WhatsApp picha hukatwa duara, hivyo andaa toleo la herufi mbili za kwanza lenye saizi ya 640 kwa 640. Kwenye ramani za Google andika jina kama lilivyo kwenye bango. Wanaoongeza "Best Accountant Morogoro" hujikuta ukurasa umefungiwa. Na usipige picha leja ya mteja ukaiweka kwenye status kuonyesha kazi, hata ukifunika jina. Mwandiko unatambulika, wauzaji wake wanatambulika, na iwapo kuna majina ya wafanyakazi unagusa Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya 2022.

Hatua ya 7: Suluhisha jina kama unavyosuluhisha benki

Kusuluhisha ni kulinganisha kumbukumbu mbili hadi zifanane. Gawa karatasi safu mbili. Kushoto nakili jina kutoka kwenye cheti cha BRELA, herufi kwa herufi. Kulia nakili linavyosomeka kwenye TIN, leseni, akaunti ya benki, skrini ya lipa namba, risiti ya EFD, ankara, barua pepe, bango na muhuri. Usiandike kwa kukumbuka, shika karatasi yenyewe. Tofauti zitakazojitokeza ni nafasi iliyopotea, "&" badala ya "na", au "Services" iliyoongezwa na karani aliyedhani umesahau. Za serikali na benki zirekebishwe kwanza, kwa kuwa huchukua siku. Zako ni za dakika chache. Muhuri uagize wa mwisho, safu ya kulia ikishafanana na ya kushoto.