Ukipokea wageni wa kujitolea usharikani

Mimi ni katibu wa kamati ya maji ya usharika wetu, Old Moshi, na nimeshapokea wageni wa makanisa ya Marekani na Ujerumani mara nne. Wakikuandikia kwamba wanakuja, anza na viza. Ya utalii haimruhusu mtu kufanya kazi, hata ya kujitolea. Ulizeni Uhamiaji kibali kinachofaa kabla hawajakata tiketi. Machi hadi Mei msiwakubalie. Masika yakikolea, lori la saruji halipandi huku mlimani.

Kisha kaeni na wenyeji, hasa kina mama, maana ndio wanaobeba ndoo. Waseme wao kinachotakiwa. Sisi mara ya kwanza tulipokea tu. Ikaja pampu nzuri, inang'aa, tukaiombea. Baada ya miezi mitano ringi ya mpira ikakatika, ndogo kama kizibo cha soda. Nilizunguka soko la Mbuyuni lote, Moshi mjini, nayo mfukoni. Hakuna muuza spea aliyewahi kuiona. Pampu iko stoo mpaka leo, kuku wanatagia pembeni yake.

Siku hizi nasema wazi: fedha ziingie akaunti ya usharika, vifaa tununue mjini, fundi awe wetu. Mgeni awe saidia fundi, achanganye zege: ndoo moja ya saruji, mbili za mchanga, nne za kokoto.

Chakula hakina shida, mtori wanaupenda. Maji ya kunywa yachemshwe, na mbege, pombe yetu ya ndizi, wasisukumiwe siku ya kwanza.