Somo: Jinsi oksijeni inavyoumiza mapafu presha yake ikizidi

Wapendwa, wiki hii hapa Kisumu nimeulizwa mara mbili kama ule mtungi wa chuma wa oksijeni unaweza kupasua mapafu ya mgonjwa, kwa kuwa geji yake inasoma zaidi ya mia. Hauwezi. Riguleta huishusha presha hiyo kabla gesi haijafika kwenye barakoa. Kinachoumiza ni kingine: fungu la oksijeni katika presha ya hewa unayovuta, likizidi.

Hatua ya 1: Piga hesabu. Presha ya hewa ya Mombasa, usawa wa bahari, iite 1. Oksijeni ni asilimia 21 ya hewa, basi fungu lake ni 0.21. Sisi wa Kisumu tuko zaidi ya mita 1,100 juu ya bahari, ambako presha ya hewa ni ndogo, kwa hiyo fungu letu ni kama 0.18.

Hatua ya 2: Linganisha fungu hilo na 0.5. Chini ya hapo mapafu huvumilia siku nyingi. Juu ya hapo, hesabu saa. Mtu mzima mwenye afya akivuta oksijeni tupu kwa presha ya 1, baada ya saa 12 hadi 24 hivi huwashwa nyuma ya mfupa wa kifua, halafu kikohozi kikavu, halafu kila pumzi ndefu inachoma. Kwenye chemba za tiba, yaani vyumba vilivyofungwa ambamo mgonjwa huvuta oksijeni kwa presha kubwa, presha ikifika 2, dalili zinaweza kuja kwa saa chache; ndiyo maana mgonjwa hupewa vipindi vya kuvuta hewa ya kawaida.

Hatua ya 3: Jua kinachotokea ndani. Oksijeni nyingi huzalisha kemikali kali nyingi kuliko mwili unavyoweza kuzizima. Kuta nyembamba za vifuko vya hewa huumia, maji huvuja, na oksijeni haipenyi tena vizuri. Kipimo cha kidole, kinachoonyesha asilimia ya oksijeni kwenye damu, kinashuka, na mtu anaongeza oksijeni! Hapo ndipo moyo huniuma, kwa sababu mwanasayansi James Lorrain Smith alieleza madhara haya tangu 1899.

Hatua ya 4: Fuateni kipimo cha kidole. Watu wazima wengi, 94 hadi 98 inatosha. Msiikimbilie 100, mwombeni daktari apunguze.

MASWALI

Sista, mama yuko kwa mashine ya oksijeni ya puani, lita 2 kwa dakika, usiku kucha hapa Ahero. Nizime?

Usizime, dada yangu. Lita 2 humpa takriban asilimia 28. Kwa presha yetu ni kama 0.24, haifiki hata nusu ya ile 0.5. Kukosa oksijeni kunaua kwa dakika.

Mapafu yakishaumia hupona?

Yakiwahiwa, mara nyingi hupona. Yakicheleweshwa hubaki na makovu, nayo hukakamaa.